Kutuma pesa Unguja na Pemba, na mambo ya kodi ukiwa nje: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndiyo maswali ambayo Wazanzibari walioko Muscat, Dubai, London, Toronto na Copenhagen huyaleta tena na tena, khasa Ramadhani inapokaribia na skuli zinapofunguliwa. Majibu yameandikwa kwa ajili ya mtu wa kawaida: mfanyakazi anayewatunza wazee wake, anasomesha wadogo zake na anajenga kidogo kidogo. Mwenye kampuni au mali nyingi atahitaji pia mhasibu wa huko aliko.

Nikimtumia mama pesa ya matumizi, yeye atatozwa kodi?

Hatozwi. Pesa ambayo mtoto anampa mzazi wake ni zawadi ya kifamilia, si mshahara wala faida ya biashara, na kodi ya mapato ya Tanzania haiigusi. Ndivyo ilivyo pia kwa ada ya skuli ya mdogo wako, dawa za bibi na mchango wa harusi. Kodi hutazama kipato kimetoka wapi na mwenye kipato anaishi wapi. Mshahara wako ukishakatwa kodi Birmingham, kuuvusha bahari hakuufanyi uwe kipato kipya.

Hali hubadilika pesa inapokuwa si zawadi. Ukimpa kaka yako mtaji mkagawana faida ya duka la Darajani, faida ile ina kodi yake. Kwa hivyo jaza ile sehemu ya maelezo unapotuma: "matumizi ya nyumbani", "ada ya skuli", "saruji na nondo". Wengi huiacha wazi au huandika nukta tu. Maneno hayo mawili matatu ndiyo yatakayokutetea siku benki au ofisi ya kodi itakapouliza.

Na mimi niliyetuma, je, napunguziwa kodi huku kwa sababu nalea wazee?

Nchi nyingi, hapana. Uingereza haina punguzo la kodi kwa kuwatumia wazazi walioko nje. Marekani haikubali umwandike mzazi aliyeko Zanzibar kuwa tegemezi wako, isipokuwa awe raia au mkaazi wa huko kisheria. Usimsikilize anayekwambia "sote tunaandika hivyo". Jina lililoko kwenye fomu ni lako, si lake.

Ujerumani ni tofauti. Huko mtu anaweza kupunguziwa kodi kwa matunzo anayowapelekea wazazi au watoto walioko nje, kwa kiwango kinachopangwa kulingana na hali ya maisha ya nchi wanayoishi. Sharti jipya ni kubwa: tangu 2025 pesa lazima ipite benki kwenda kwenye akaunti ya anayetunzwa. Bahasha aliyopewa mgeni anayekuja likizo kwa kawaida haihesabiwi tena. Aliyeko Ujerumani na mama yake hana akaunti, amfungulie sasa.

Njia gani ya kutuma ina gharama ndogo zaidi?

Kusini mwa Sahara ndiko kunakotumwa pesa kwa gharama kubwa kuliko kanda nyingine zote duniani. Kwa hesabu za Benki ya Dunia, kutuma dola 200 hugharimu kwa wastani kiasi cha asilimia 8, ilhali lengo la Umoja wa Mataifa ni kushuka hadi asilimia 3 ifikapo 2030. Hiyo ni pesa ya mchele na sukari inayopotea njiani, na sehemu kubwa hupotea mahali ambapo mtumaji hatazami.

Mahali penyewe ni kiwango cha kubadilishia fedha. Tufanye mfano kwa tarakimu za kufikirika. Unatuma pauni 200. Kampuni ya kwanza inasema "ada bure", na inabadilisha pauni moja kwa shilingi 3,240: mama atapokea 648,000. Kampuni ya pili inakata ada ya pauni 2, lakini inabadilisha kwa 3,300: pauni 198 zinakuwa 653,400. Yule wa "bure" amekugharimu shilingi 5,400 zaidi. Ukituma kila mwezi, kwa mwaka ni zaidi ya elfu sitini na nne. Kwa hivyo usiulize ada ni ngapi. Uliza: nikitoa pauni 200 mfukoni, mama atashika shilingi ngapi mkononi? Hesabu na makato ya wakala wakati wa kutoa.

Fungua programu mbili tatu kwa wakati mmoja ulinganishe. Wise, Remitly, WorldRemit, Taptap Send na NALA (hii ya mwisho imeanzishwa na Mtanzania) zote hukuonyesha kiasi cha shilingi kitakachofika kabla hujathibitisha. Western Union na MoneyGram zina faida yao pale mpokeaji anapotaka kuchukua taslimu dirishani. Kilicho rahisi leo kinaweza kuwa ghali mwezi ujao, na bei ya mara ya kwanza mara nyingi ni chambo, basi linganisha kila unapotuma kiasi kikubwa.

Nitume kwenye simu au benki?

Kwa matumizi ya mwezi, simu. Mzee aliyeko Micheweni au Makunduchi ana wakala wa pesa karibu na barza yake, benki iko mbali. Kwa pesa ya kiwanja, ujenzi au gari, tuma benki tu, kwa sababu taarifa ya benki ni ushahidi ambao ujumbe wa simu hauwezi kuufikia, na pochi ya simu ina kikomo cha kiasi inachoweza kubeba. Benki ya Watu wa Zanzibar, PBZ, ambayo ipo tangu 1966, ina matawi Unguja na Pemba, na ina huduma za Kiislamu kwa asiyetaka riba. NMB na CRDB nazo zipo.

Jambo moja la simu: laini husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa. Ukimtumia mama kwa laini iliyosajiliwa kwa jina la mjukuu, kisheria mpokeaji ni mjukuu. Siku wakigombana, au kijana akihamia Dar, pesa ya mama ina mwenyewe mwingine. Msajilie mama laini yake.

Pesa imezuiliwa, wanasema jina halilingani. Nifanye nini?

Hili ni tatizo letu sisi khasa. Pasi imeandikwa Khamis, kitambulisho kimeandikwa Hamisi, benki imeandika Khamisi. Mwanakhamis wa kwenye cheti cha kuzaliwa ni Mwanahamisi kwenye simu. Halafu kuna jina la babu, ambalo hati moja inalo na nyingine haina. Mfumo wa kompyuta haujui kwamba huyo ni mtu mmoja.

Mwambie mpokeaji akutumie picha ya kitambulisho chake, na unakili jina herufi kwa herufi, usiandike unavyomwita. Kama hati zake zenyewe zinapingana, ni bora arekebishe sasa kwenye ofisi ya usajili ya wilaya kuliko kusubiri siku ya dharura ya hospitali.

Benki ya huku inanidai IBAN ya akaunti ya Zanzibar. Naipata wapi?

Haipo. IBAN ni namba ya kimataifa ya akaunti, na Tanzania haiitumii. Unahitaji jina kamili la mwenye akaunti, namba ya akaunti, jina la benki na tawi, na namba ya SWIFT, inayoitambulisha benki hiyo kimataifa. Karani akishikilia IBAN, mwombe atazame mahitaji ya Tanzania kwenye mfumo wake.

Hawala je? Na kumpa mtu anayekwenda nyumbani?

Najua kwa nini watu wanaipenda hawala, yaani kumpa mtu pesa huku na mwenzake akamlipa ndugu yako kule: ni ya haraka, ya kuaminiana, na wazee wetu wameitumia baina ya Ghuba na pwani hii kwa muda mrefu sana. Lakini Tanzania kusafirisha fedha bila leseni ni kosa, na nchi nyingi mnazoishi ni hivyo hivyo. La kuumiza zaidi ni kwamba huna karatasi. Miaka kumi baadaye unataka kuthibitisha kwamba nyumba ya Fuoni ilijengwa kwa jasho lako, huna hata risiti moja.

Mgeni anayebeba pesa habebi kosa, ila kuna mpaka. Anayeingia au kutoka Tanzania na fedha taslimu za kufikia dola 10,000 au zaidi lazima azitangaze forodhani. Uingereza mpaka ni pauni 10,000, Umoja wa Ulaya yuro 10,000, Marekani ni zaidi ya dola 10,000. Kutangaza si kulipa kodi, ni kusema tu. Asiyetangaza ndiye anayenyang'anywa. Na ukimpa rafiki yako bahasha nne za watu wanne, zote zinahesabiwa kuwa zake.

Niko Oman au Emirati, mshahara haukatwi kodi. Nina la kufanya?

Kwa huko, mshahara wa Emirati hauna kodi ya mapato. Oman nayo haijaanza kutoza, lakini Amri ya Kifalme ya 2025 imeweka kodi ya asilimia 5 kwa kipato kinachozidi riali 42,000 kwa mwaka, kuanzia Januari 2028. Mfanyakazi wa nyumbani au wa dukani hafiki huko hata karibu, basi asitishwe na mtu.

Kwa dada zetu wanaofanya kazi za majumbani, nawaomba jambo moja: tumeni kwa kadi yenu ya ukaazi, kwenye duka la kubadilishia fedha lenye leseni, na risiti iwe na jina lako. Wapo wanaotumiwa pesa na tajiri wao kwa jina lake, kwa wema wake kabisa. Lakini siku ukidai mshahara wa miezi miwili, risiti zile zinaonyesha yeye anatuma pesa Zanzibar, wewe hauonekani popote. Picha ya kila risiti mtumie mtu mmoja unayemwamini nyumbani aihifadhi.

Niko Uingereza. HMRC, yaani mamlaka ya kodi ya huko, wanataka kujua nini?

Mshahara wako unakatwa kabla haujakufikia, na pauni 12,570 za kwanza kwa mwaka hazitozwi kodi ya mapato. Mwaka wao wa kodi huanza tarehe 6 Aprili. Kama huna kipato kingine popote, huna la kujaza.

Wenye nyumba Zanzibar ndio wanaokosea. Mkaazi wa Uingereza hutakiwa kutaja kipato chake cha dunia nzima, hata kama pango linalipwa kwa shilingi na halijawahi kutoka Unguja. Zamani mgeni aliweza kuchagua kutozwa kwa kile tu alichokiingiza Uingereza. Utaratibu huo ulifutwa tarehe 6 Aprili 2025, na uliopo sasa unawapa nafuu ya miaka minne wale tu waliohamia karibuni. Pauni 1,000 za kwanza za pango kwa mwaka hazitozwi. Ikizidi hapo, unajaza ritani, yaani fomu ya kutangaza kipato, na mwisho wa kujaza kwa mtandao ni tarehe 31 Januari. Kodi uliyolipa Zanzibar kwa pango hilo hilo unaweza kuihesabisha, usilipe mara mbili.

Na Marekani? Nimesikia kuna kodi mpya ya kutuma pesa.

Ipo, kuanzia tarehe 1 Januari 2026: asilimia 1 ya kiasi unachotuma. Lakini inamhusu anayelipia kwa fedha taslimu, hundi ya benki au hawala ya posta. Ukilipia kutoka akaunti ya benki ya Marekani au kwa kadi iliyotolewa huko, hutozwi. Acha tu kwenda dirishani na noti.

Raia wa Marekani na mwenye kadi ya kijani hutaja kipato cha dunia nzima, popote alipo. Tena, kama akaunti zako zote za nje ya Marekani, ukizijumlisha, zimewahi kuzidi dola 10,000 hata siku moja ndani ya mwaka, unatakiwa kutoa taarifa ya akaunti za nje, iitwayo FBAR. Akaunti ya PBZ iliyokusanya pesa ya kununulia kiwanja inaingia humo. Si kodi, ni taarifa, ila faini ya kuificha ni kali. Canada nao wana fomu yao, T1135, kwa mwenye mali ya nje iliyogharimu zaidi ya dola za Canada 100,000. Nyumba unayoitumia wewe mwenyewe haihesabiwi, ya kupangisha inahesabiwa.

Nyumba yangu ya Zanzibar nimeipangisha. Niende TRA au ZRA?

Zote mbili zinaweza kukuhusu, na hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa mpaka wanaacha kabisa. Kodi ya mapato na ushuru wa forodha ni mambo ya Muungano, yanakusanywa na Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, Unguja na Pemba pia. Mamlaka ya Mapato Zanzibar, ZRA, ambayo zamani ilikuwa Bodi ya Mapato, hukusanya kodi za Zanzibar yenyewe, ukiwemo ushuru wa stempu. Kwa hivyo kipato cha pango ni habari ya TRA. Mkataba wa kupangisha, kwa upande wa stempu, ni habari ya ZRA.

Mpangaji wako akiwa kampuni, taasisi au mfanyabiashara, anatakiwa akate kodi ya zuio kabla ya kukulipa: asilimia 10 kama wewe ni mkaazi kwa sheria ya kodi, 15 kama si mkaazi. Mdai cheti cha makato hayo, ndicho utakachowaonyesha HMRC au IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani. Mpangaji asipokata, usikae kimya. Wewe ndiye unayejieleza TRA kwa namba yako ya mlipakodi, ambayo hutolewa bure.

Wenye nyumba za Nungwi, Paje na Mji Mkongwe waliozoea kutoza kwa dola watazame mikataba yao. Kanuni za Machi 2025 zimekataza kupanga bei na kulipana kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani ya nchi. Pango liandikwe kwa shilingi.

Mimi naishi nje. Si ndiyo kusema si mkaazi wa Tanzania?

Si lazima. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inamhesabu mtu kuwa mkaazi akikaa nchini siku 183 au zaidi kwa mwaka, au wastani wa zaidi ya siku 122 kwa mwaka huo na miwili iliyotangulia. Lakini ipo njia nyingine inayosahauliwa: ukiwa na makaazi ya kudumu Tanzania, na ukawepo nchini sehemu yoyote ya mwaka. Mtu mwenye nyumba yake Mbweni, mke na watoto wako humo, naye huja kila Idi, asijitangaze "si mkaazi" kwa sababu tu mshahara wake uko Dubai. Mkaazi anaweza kutakiwa kutaja kipato cha nje pia, huku akihesabiwa kodi aliyokwishalipa huko. Kwa hali kama hii nenda TRA uulize kwa barua na ujibiwe kwa barua.

Tanzania ina mikataba ya kuzuia kutozwa mara mbili na Canada, Denmark, Finland, India, Italia, Norway, Sweden, Afrika Kusini na Zambia. Aliyeko Copenhagen au Toronto anaweza kuutumia mkataba kuamua yeye ni mkaazi wa wapi. Aliyeko London au Marekani hana mkataba huo, ila sheria za nchi hizo zenyewe zinampa nafuu ya kodi aliyolipa nje.

Najenga kupitia kwa ndugu yangu. Nijikinge vipi bila ya kumvunjia heshima?

Familia nyingi zimefarakana kwa ajili ya hili, na mara nyingi hakuna mwizi. Kuna mtu aliyetuma kwa miaka bila ya kuandika, na mtu aliyejenga kwa miaka bila ya kuweka risiti, kila mmoja akiwa na hesabu yake kichwani.

Andikianeni mwanzoni, mbele ya ami au mjomba, karatasi moja: kiwanja ni cha nani, pesa ni za nani, msimamizi analipwa nini kwa kazi yake. Ndiyo, mlipe, anayesimama juani na mafundi anafanya kazi. Tuma kwa hatua, msingi kwanza, kisha kuta, kisha bati, na kila hatua ije na picha na risiti za saruji na nondo kabla ya nyingine kuanza. Kama atasaini kwa niaba yako, mpe hati ya uwakala inayotaja shughuli hiyo tu, iliyothibitishwa ubalozini, usimpe ya kila kitu.

Kuhusu kiwanja: kwa sheria ya 1992 ardhi yote ya Zanzibar ni mali ya umma, na unachopata ni haki ya matumizi, ambayo hupewa Mzanzibari. Karatasi ya sheha na mashahidi si mwisho wa safari. Fika Kamisheni ya Ardhi. Na kwa kuwa Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, anayekaribia kula kiapo cha uraia wa kwingine amwone wakili kuhusu ardhi yake kabla ya siku ya kiapo.

Benki imeniuliza pesa nimezipata wapi. Wananishuku?

Ni kazi yao, wanaulizwa na wao. Wape hati za mshahara na taarifa ya benki, basi. Shida huwapata zaidi wale wanaopokea michango ya jumuiya kwenye akaunti zao binafsi: watu arubaini wanachangia msiba au kisima cha Kojani, pesa zinaingia kwa mtu mmoja, naye anazituma kwa mkupuo. Akaunti inafungwa, na maiti inasubiri. Jumuiya ifungue akaunti kwa jina lake.

Zaka ninayotuma nyumbani inahesabika kama kodi?

Hapana, na kodi nayo haiondoi zaka. Zaka ya mali ni asilimia 2.5 ikifika kiwango chake na mwaka ukapita, na wazazi ambao ni wajibu wako kuwatunza hawapewi zaka yako. Ndugu maskini wanaweza kupewa. Uingereza, ukitoa kupitia taasisi ya hisani iliyosajiliwa, utaratibu wa serikali uitwao Gift Aid huiongezea taasisi hiyo peni 25 kwa kila pauni. Pesa unayompa shangazi yako moja kwa moja haimo kwenye utaratibu huo.

Narudi moja kwa moja. Vyombo na gari vitatozwa ushuru?

Anayehamia kwa kweli husamehewa ushuru wa vyombo vya nyumbani vilivyotumika, na gari moja alilolimiliki na kulitumia huko kwa miezi 12 au zaidi. Gari ulilonunua Japani wiki mbili kabla ya kurudi halimo. Weka hati ya umiliki, bima na leseni ya barabara za mwaka ule, ndizo zitakazoulizwa bandarini Malindi.

Aliyefanya kazi Uingereza ajue kwamba pensheni ya serikali inahitaji angalau miaka 10 ya michango, na 35 ili upate kamili. Hulipwa hata ukiwa Zanzibar, ila haipandishwi kila mwaka kama ya anayeishi kule. Piga hesabu zako kwa kiwango cha siku ya kwanza.

Risiti na karatasi nizihifadhi muda gani?

Kwa TRA, miaka 5. Uingereza, mwenye kipato cha pango huhifadhi miaka 5 baada ya tarehe 31 Januari ya ritani husika. Marekani kwa kawaida ni miaka 3. Karatasi za kiwanja na ujenzi usizitupe kabisa, na nakala moja iwe kwa mtu wa nyumbani anayejua ziko kabati gani.